Nilikuwa depyuti Kenya, hapa Texas naambiwa sina leseni hata ya kushika chaki

Hujambo mwalimu,

Natumai mko salama huko. Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu na sai ni zamu yangu kuuliza, nisamehe barua ikiwa ndefu juu mambo yenyewe imeshikana shikana.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia, nina B.Ed ya sayansi kutoka Kenya, second class lower. Nimefundisha shule ya upili zaidi ya miaka kumi na ile ya mwisho nilikuwa depyuti, yaani naibu wa prinsipali, na kusema ukweli mimi ndio nilikuwa naendesha hiyo shule kwa sababu prinsipali wetu alikuwa mtu wa mikutano. Ratiba ya masomo ni mimi, nidhamu ni mimi, BOM, bodi ya shule, wakija maswali ni kwangu, mtoto akiruka ukuta saa nane usiku simu inapigwa kwangu. Halafu tukashinda green card, tukaja, sai tuko Arlington na mimi ni CNA, msaidizi wa muuguzi, kwa nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Sio kazi mbaya na wazee wenyewe nawapenda, lakini kila nikipita karibu na shule asubuhi nikienda kulala naskia kitu kinanikwama hapa kooni.

Nilienda shule moja karibu na kwetu kuuliza kazi. Msichana wa ofisini akaniuliza kama niko certified, nikamwambia ndio, nikampa namba yangu ya TSC, ile tume ya walimu ya Kenya. Akaiandika kwa ile nafasi ya namba ya simu. Nikaona hapa kuna kazi.

Nikalipa kampuni moja wanipimie digrii. Wakanitumia karatasi ukurasa mmoja ati B.Ed yangu ni sawa na bachelor's ya Marekani, basi, hakuna kozi hakuna gredi. Kuuliza naambiwa hiyo haitoshi, natakiwa niwe na ile ya kozi moja moja. Nikaanza upya kutafuta transkripti kutoka chuo nilichosomea na hapo ndio nimegundua kuna yuniti moja ya mwaka wa pili mpaka leo ina missing marks. Nilifanya huo mtihani! Nilipata 61, nilijionea kwa ubao wa matangazo! Na nilifuzu, nikavaa gauni, sijui walinipitishaje na hiyo shimo.

Halafu kuna ya TSC. Wakati tunakuja nilichukua likizo, sikuandika barua ya kujiuzulu kwa sababu hatukuwa na uhakika tutakaa, nilikuwa nafikiria nikishindwa narudi darasani. Likizo ikaisha, sikurudi. Rafiki yangu wa stafrumu aliniambia kuna barua ilitumwa shuleni ya kuniita nijieleze, hakunitumia na mimi sikuuliza. Hii kitu inaninyima usingizi, naogopa nikituma maombi Texas wakiuliza Nairobi naambiwa mimi ni mtoro.

Wifi yangu wa Minneapolis naye anasema najisumbua bure, yeye anafundisha na hana hiyo leseni ndefu, shule ilimtafutia karatasi ikaisha. Kanisani kuna ndugu mmoja anasema anajua mtu anayetoa certificate ya prinsipali kwa onlaini, dola 1,500, wiki mbili, ati kwa vile nimekuwa depyuti nitaingia moja kwa moja uongozini badala ya kuanza na watoto. Na mzee wangu anasema niache ualimu nisome nursing kama watu wengine wote, ati mwalimu Marekani ni kazi ya wito na wito haulipi rent.

Swali langu ni hili. Je, naweza kupata leseni ya uprinsipali nikitumia uzoefu wangu wa Kenya? Kama siwezi, njia fupi ni ipi, na hii watu wananiambia ya kuanza kama msaidizi wa darasa chini ya mwalimu mwenye umri wa miaka 25 ni lazima kweli? Aki nisaidie.

Depyuti wa zamani, Arlington


Dadangu depyuti,

Barua yako nimeisoma mara mbili na hapo pa namba ya TSC kwenye nafasi ya simu nimecheka peke yangu, nisamehe. Karibu kila mwalimu aliyetoka nyumbani ana hadithi yake ya aina hiyo.

Uprinsipali kwanza, maana ndio unakuvuta. Hapana, haiwezekani sai, na si kwa sababu wanadharau Kenya. Texas hata mzaliwa wa hapa hawezi kuanzia hapo. Cheti cha prinsipali kinataka uwe tayari na cheti halali cha ualimu wa darasani, uwe na master's, uwe umefundisha angalau miaka miwili inayohesabika, upitie programu ya maandalizi ya maprinsipali iliyoidhinishwa na jimbo ambayo ndani yake kuna mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 160, halafu ufanye mitihani miwili, ule wa namba 268 wa kukaa kwa kompyuta na ule wa 368 wanaouita PASL ambao sio wa kukaa, ni wa kukusanya kazi yako mwenyewe ya kuongoza walimu, na video zake na maandishi yake, unatuma unasahihishwa. Na hata kuwa depyuti tu, assistant principal, shule nyingi za umma wanataka hicho hicho cheti cha prinsipali. Kwa hivyo mlango wa uongozi unapitia darasani. Uzuri ni kwamba ukishaingia darasani wewe utapanda haraka kuliko wenzako, maana ile kazi ya kukaa na mzazi aliyekuja amefura hasira saa mbili asubuhi unaijua tayari, na hiyo hakuna master's inafundisha.

Sasa kuhusu wifi yako. Hakudanganyi, anaongea ya kwake. Watu wetu wakifika hapa wanadhani kuna kitu kama TSC ya Marekani nzima, haipo. Elimu hapa ni ya jimbo, serikali kuu ya Washington haitoi leseni ya mwalimu. Kuna wakati walijaribu kuingilia, ile sheria ya Bush ya 2002 ilikuwa inataka kila mwalimu wa masomo makuu awe na sifa za kiwango fulani, lakini ile iliyokuja mwisho wa 2015 wakati wa Obama ikalirudisha hilo jambo kwa majimbo. Kwa hivyo una majimbo 50 na kila moja ina bodi yake, mitihani yake, na majina yake. Minnesota, jimbo la wifi yako, tangu 2018 wanatumia ngazi nne. Ile ya chini kabisa shule inaomba pamoja na wewe, unahitaji digrii na shule inayokutaka ambayo imeonyesha ilitangaza nafasi ikakosa mtu mwenye leseni ya juu, na inadumu mwaka mmoja. Ukihama shule unaanza tena kuzungumza. Ngazi ya nne ndio ya miaka 5. Muulize wifi yako yuko ngazi gani, kwa upole, usimharibie siku. Na huko maprinsipali wana bodi yao kabisa kando, tofauti na ya walimu. Sasa wewe uko Texas, ya Minnesota haikusaidii na ya Texas haitamsaidia yeye, hata mtu mwenye cheti kamili akihama jimbo lazima aombe upya ingawa mara nyingi wanamrahisishia.

Turudi Arlington. Kitu ambacho sikuona umeambiwa na mtu yeyote ni kwamba Texas wana njia ya mwalimu aliyekuwa na leseni nchi nyingine. Sio lazima uanze kama mtu ambaye hajawahi kufundisha. Inaitwa review of credentials, unaiomba TEA, yaani idara ya elimu ya jimbo, kupitia akaunti yao ya mtandaoni. Unawapelekea tathmini ya digrii ya kozi kwa kozi kutoka kampuni iliyo kwenye orodha yao, kopi ya cheti chako cha ualimu, na uthibitisho kutoka kwa aliyekupa hicho cheti kwamba hali yako ni nzuri. Wakiridhika unaweza kupata cheti cha mwaka mmoja, unafundisha nacho kwa mshahara wa mwalimu, na ndani ya huo mwaka unamaliza mitihani ya Texas ili upate cheti cha kawaida ambacho kinadumu miaka 5. Hiyo ndio njia yako. Ile ya kuanza kama msaidizi wa darasa si lazima, nitaigusa baadaye.

Hapo kwa tathmini. Hiyo karatasi ya ukurasa mmoja usiitupe, rudi kwa kampuni hiyo hiyo uulize wanatoza ngapi kuipandisha iwe ya kozi kwa kozi, wengi wana bei ya kuongeza na ni nafuu kuliko kuanza kwa kampuni nyingine. Lakini kwanza hakikisha iko kwenye orodha ya TEA, maana kuna kampuni za tathmini zinazofaa kwa kazi za ofisi au kwa uhamiaji lakini TEA hawazikubali, na pesa ikishaenda imeenda. Na usianze kujipigia hesabu ya gredi mwenyewe ukalia bure. Sisi A ilikuwa kuanzia 70, hapa 70 ni C, wanaofanya hii kazi wanalijua hilo na wanageuza kulingana na mfumo wa kwetu. Second class lower yako inakutisha wewe peke yako, na mara nyingi inatoka vizuri kuliko mtu alivyotarajia.

Missing marks. Yaani hiyo laana imetufuata mpaka ng'ambo! Usitume barua pepe kwa masajala, kuwaandikia barua pepe ni kuandika kwa maji. Tafuta ndugu au mwanafunzi wako wa zamani aliye karibu na chuo, mpe barua ya idhini uliyosaini, kopi ya pasipoti yako, namba yako ya usajili wa chuo na hati yako ya kufuzu, aende mwenyewe. Asianze na masajala, aanze na idara, aulize mwenyekiti wa idara ile yuniti ilifundishwa na nani na kama karatasi za matokeo za mwaka huo zipo, maana alama huwa zimekaa kwa idara, ila hakuna aliyezipeleka kwa mfumo. Idara ikishaandika barua, fakalti inapitisha, masajala anachapisha. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, ndio maana nataka uanze na hii kabla ya kitu kingine chochote. Na transkripti ikiwa tayari isije kwako wewe. Itoke chuo iende moja kwa moja kwa kampuni ya tathmini, kwa bahasha iliyofungwa na muhuri au kwa mfumo wao wa mtandaoni kama chuo kinao. Ukiipitishia kwa jamaa anayesafiri ikafika imefunguliwa wataikataa hata kama kila herufi ndani yake ni kweli.

Ukiwa hapo hapo angalia majina. Kwa cheti cha KCSE, ule mtihani wa form four, uko na jina la baba, kwa digrii pengine hivyo hivyo, kwa green card una jina la mzee. Weka cheti cha ndoa kwa kila maombi bila kungoja kuulizwa.

Sasa TSC, ambayo najua ndio mzigo wenyewe. Nitakuambia kama mwalimu kwa mwalimu. Kwa kanuni za TSC kutoonekana kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa ni kutoroka kazi, na hiyo barua iliyotumwa shuleni ilikuwa ya kukupa nafasi ya kujieleza. Ukinyamaza kesi haifi, inaendelea bila wewe. Lakini tofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kuna kuajiriwa na TSC na kuna kusajiliwa na TSC. Maelfu ya walimu Kenya wana namba na hawajawahi kupata hata siku moja ya mshahara wa TSC, bado ni walimu halali. Texas hawajali kama ulikuwa kwa pei-roli, wanajali usajili wako ukoje. Kwa hivyo kitu cha kwanza ni kujua hali halisi badala ya kuogopa gizani. Ingia kwa mtandao wa TSC uangalie hali ya usajili kwa namba yako, halafu mwambie huyo rafiki wa stafrumu akutumie picha ya hiyo barua leo, si kesho. Kama ni interdiction, yaani kusimamishwa kazi, na kesi haijasikizwa, andika maelezo yako, eleza kuhama kwa familia, ambatanisha tarehe ya kuingia Marekani, na omba kujiuzulu rasmi hata kama umechelewa. Kuna adhabu nyepesi na kuna nzito, ile nzito kabisa ni kufutwa kwa rejista na majina ya waliofutwa yanachapishwa hadharani, lakini hata aliyefutwa anaweza kuomba kurudishwa. Mtu aliyejibu barua na mtu aliyekimbia hawaonwi sawa.

Na kwa fomu ya Texas utaulizwa kama leseni yako imewahi kuchukuliwa hatua popote. Jibu ukweli, ueleze, uambatanishe karatasi. Kutoroka kazi kwa sababu ulihamia nchi nyingine ni jambo linaloeleweka na halimhusu mtoto yeyote. Uongo kwa fomu ndio utakuzika, maana bodi ya vyeti inaweza kukunyima au kukunyang'anya cheti kwa huo uongo peke yake, na utakuwa umeshapigwa alama za vidole zinazopita kwa polisi wa jimbo na FBI, kitu ambacho kila mwalimu wa Texas anapitia, usiogope, ni kuweka tu vidole kwa kioo na kulipa kama dola 50.

Mitihani. Kwa masomo yako una uchaguzi, kuna wa Hisabati peke yake darasa la 7 hadi la 12, namba 235, na kuna ule wa Fizikia na Hisabati pamoja, namba 243. Watu watakuambia chukua wa pamoja kwa vile una masomo yote mawili. Mimi nasema anza na 235. Ule wa pamoja una mambo mengi zaidi, na shule zinazotafuta mwalimu wa hisabati tu ni nyingi, na ukishakuwa na cheti unaweza kuongeza somo lingine kwa kufanya mtihani wake. Alama ya kupita ni 240 kwa kipimo cha 100 mpaka 300. Kila mtihani ni zaidi ya dola 100, ukianguka unangoja siku 30, na jumla unaruhusiwa kuukaa mara 5 tu, kwa hivyo usiende "kujaribu tu". Hesabu yenyewe haitakushinda, umefundisha form four. Kitakachokupunguzia ni vitu vidogo vidogo, futi na inchi na paundi, kikokotoo cha grafu wakati sisi tulikuwa na four figure tables, takwimu na probability nyingi kuliko ulivyozoea, na majina, maana gradient wanaiita slope, surds ni radicals, trapezium ni trapezoid na BODMAS wao ni PEMDAS. Chukua kitabu cha Algebra II cha mtoto wako kama uko na mtoto wa high school, kimalize chote.

Ule mwingine, namba 160, wa mbinu na wajibu wa mwalimu, ndio unaangusha walimu wetu wazoefu, na unawaangusha kwa sababu ni wazoefu. Anasoma swali, anachagua jibu ambalo angelifanya Kenya na lingefanya kazi Kenya. Lazima ujue sheria za hapa, haki za mtoto mwenye ulemavu ambazo zimeanzia sheria ya 1975, kikao kinachoitwa ARD ambacho mzazi anakaa mezani na ana sauti sawa na yenu, usiri wa rekodi za mwanafunzi, namna ya kumfundisha mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili, na hapo utashangaa vile wewe mwenyewe uliwahi kuwa huyo mtoto na hakuna aliyekuwa na jina la hiyo kitu. Kuna kitu kimoja nakuambia pembeni tu. Kenya kiboko kilipigwa marufuku 2001, na ukija hapa ukidhani Marekani ndio wamestaarabika zaidi, Texas sheria bado inaruhusu shule kumchapa mtoto isipokuwa mzazi amekataa kwa maandishi. Wilaya nyingi kubwa zimeacha. Wewe usiguse mtoto wa mtu.

Sharti la Kiingereza lipo pia, lakini kabla hujalipia TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, angalia kwa TEA nchi uliyosomea inahesabiwa vipi, maana kuna nchi ambazo digrii yake inatosha.

Je, kama TSC itachelewa au ikikataa kutoa barua? Hapo ndio unaenda njia ya pili, programu ya alternative certification. Hii haiangalii leseni ya Kenya, inaangalia digrii, GPA, yaani wastani wa gredi zako, ya 2.5 kwa kawaida, na kama umepita mtihani wa somo. Wanakuingiza, unasoma onlaini, unaangalia darasa la mwalimu mwingine kwa saa kadhaa, ukipata shule unapewa cheti cha intern cha mwaka mmoja na unaanza kazi kama mwalimu kamili, mshahara kamili, na mtu wa programu anakuja kukukagua. Nyingi ni biashara na zinagharimu maelfu ya dola, wengine wanakata kidogo kidogo kwa mshahara. Hakuna aibu hapo, ni njia ambayo walimu wengi wa Texas wamepitia. Linganisha bei, usisaini na ya kwanza iliyokupigia simu, na wakikupigia watakupigia sana.

Kuna mtu atakuambia hata hicho cheti sio lazima, na hana makosa kabisa. Tangu sheria moja ya 2015 wilaya nyingi zimejipa ruhusa ya kuajiri bila cheti, na charter, zile shule za umma zinazojiendesha nje ya wilaya, zinaweza kuajiri mwenye digrii tu kwa masomo mengi. Mwaka wa shule wa 2023–24 karibu mmoja kwa kila walimu watatu wapya walioajiriwa Texas hakuwa na cheti. Lakini bunge la jimbo limeshtuka, sheria ya 2025, House Bill 2, imeanza kulifunga hilo dirisha kwa masomo ya msingi, na hesabu yako iko ndani. Kama charter ya karibu inakuchukua mwaka huu ukiwa unangoja karatasi, ingia, hiyo ni bora mara kumi kuliko kungoja nyumbani, ila usikae huko ukasahau mitihani.

Na hii ya msaidizi wa darasa. Sio lazima lakini usiitukane. Ukifanya hata miezi michache, au ukiwa mwalimu wa kushikilia siku ambayo mwenye darasa hayuko, utaona darasa la hapa linavyoenda, kelele yake, mtoto anayekuita kwa jina bila kusimama, simu, Chromebook, vile mwalimu anaandika barua pepe kwa mzazi ishirini kwa wiki. Nimeona walimu wazuri sana kutoka kwetu wakiacha kabla ya Krismasi kwa sababu waliingia moja kwa moja na hawakuwahi kuona. Na hapo ndio prinsipali anakujua kwa sura, na maprinsipali hapa wanaajiri mtu wanayemjua, Machi na Aprili wakipanga mwaka unaofuata. Huyo mwalimu mwenye umri wa miaka 25 mwache akufundishe namna ya kutumia ile ubao ya kugusa, wewe utamfundisha namna ya kunyamazisha darasa bila kupayuka.

Mzee wako nimemuelewa na simlaumu, anaona bili. Mwambie vitu viwili. Nursing utaanza na kemia na anatomia na miaka kadhaa ya ada, ualimu wako umeshalipiwa, kinachobaki ni karatasi na mitihani miwili. Na mkae mezani mfungue jedwali la mishahara la wilaya ya shule ya hapo kwenu, liko wazi kwa mtandao wao, mlilinganishe na unacholeta nyumbani kama CNA, pamoja na bima, pensheni, na likizo ambayo inalingana na ya watoto. Miaka yako ya Kenya inaweza kukupandisha hatua kwa hilo jedwali kama mwajiri wako wa zamani atakujazia fomu ya rekodi ya utumishi, namba FIN-115, na kuisaini. Umeona kwa nini nataka mpatane na TSC? Huwezi kumuomba saini mtu uliyemtoroka.

Usiache shifti yako bado. Endelea nayo mpaka cheti cha mwaka mmoja kiko mkononi na barua ya kazi imesainiwa.

Kuhusu huyu mtu wa dola 1,500. Cheti cha Texas kinatolewa na bodi ya jimbo na mtu yeyote anaweza kuingia kwa mtandao wao aandike jina lako aone una nini na kinaisha lini. Shule inaangalia hapo kabla hata ya kukuita. Kama hauko hapo, hiyo karatasi yake yenye muhuri wa dhahabu ni ya kufungia maandazi, na ukiitumia kuomba kazi umeshafanya kosa ambalo litakufuata hata ukija baadaye na karatasi za kweli. Kama hujatuma hizo pesa usitume. Kama ulishatuma, usimwambie kitu bado, hifadhi jumbe zake zote na risiti ya kutuma, mpigie benki yako leo hii, halafu niandikie kando nikueleze mashtaka yanapelekwa wapi.